Msumeno mdogo wa meza kwa modeli za majahazi: ununue upasue mbao mwenyewe au uende zako Keko?

Wakuu, nianze na jibu kwa wale wasio na muda: mashine nunua, ila usinunue kwa kudhani utaokoa hela, na usiilazimishe ifanye kazi zote. Kupasua ubao mnene na kuuranda mwachie fundi mwenye mashine kubwa, kama hao wa karakana za fenicha Keko, Dar, wewe baki na hatua ya mwisho tu, kuchana fito nyembamba. Ukigawa kazi hivyo utaenjoi sana. Ukitaka kutoka gogo mpaka fito peke yako, sawa, hakuna anayekukataza, ila ujue umefungua karakana, na modeli zenyewe utazigusa wikiendi kama nguvu itakuwa imebaki.

Mimi natengeneza modeli za majahazi na mashua za kuweka juu ya kabati. Sio zile za kuchonga kipande kimoja cha mti wanazouziwa watalii ufukweni (sizidharau, zina wateja wake na zina mafundi wake), hizi ni za mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu za ndani) na mbao moja moja za ubavuni, kama anavyojenga fundi wa Nungwi kule Unguja au Matondoni kule Lamu ila kila kitu kimepunguzwa. Kipimo changu ni 1:25, yaani jahazi la mita 15 linashuka mpaka sentimita 60. Ubao wa ubavuni ambao kwenye chombo cha kweli una unene wa sentimita 4 na upana wa sentimita 20, kwangu unakuwa milimita 1.6 kwa milimita 8. Taruma la sentimita 10 linakuwa milimita 4. Sasa nenda duka lolote la mbao hapa Dar ukaulizie ubao wa milimita moja nukta sita, uone utakavyoangaliwa.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamezoea kila kitu kwenye boksi. Occre na Artesanía Latina wa Hispania, Amati wa Italia, wanakuuzia boksi lenye fito zimeshachanwa, michoro, hadi misumari midogo ya shaba, na asiyetaka boksi anaagiza fito tu za mti anaoutaka kwa saizi anayoitaka. Ni raha. Lakini kuagiza fito za walnati kutoka Hispania ili nijenge jahazi la pwani yetu, chombo ambacho mwenyewe hujengwa kwa mbao za huku huku, mimi moyo unagoma. Halafu fito za mita moja hazipendi safari ndefu, zinafika zingine zimekatika, na kifurushi kirefu usafiri wake sio wa mchezo.

Hapo ndipo swali la kupasua mwenyewe linapoingia, na kuna hesabu ambayo watu wengi wanairuka. Msumeno haukati tu, unakula. Kila unapopita unaacha njia, na ile njia ilikuwa mbao yako uliyoilipia, sasa ni unga sakafuni. Chukua ubao wa unene wa milimita 25 halafu utake fito za milimita 1. Kwa bledi ya kawaida ya karakana ambayo njia yake ni kama milimita 3 unatoka na fito 7. Saba! Karibu robo tatu ya mbao imekuwa unga. Kwa bledi ya milimita 1 unapata 13, na kwa bledi ya nusu milimita unapata 17. Ndiyo maana nasema bledi nyembamba ndiyo roho ya hii kazi, mota na meza vipo kuibeba tu.

Ila tuwe wakweli, kwa mbao za dukani huo ulaji hauumizi mfuko. Jahazi moja la saizi yangu ubavu mmoja unataka mistari kama 20 ya mbao, pande mbili 40, ongeza za kuvunjika na zilizoficha fundo ndani na zinazokataa kupinda, weka 55. Ukipiga hesabu ya ujazo, ubao mmoja wa mninga wa inchi moja kwa nane, urefu wa mita 3, unatoa majahazi zaidi ya kumi hata ukimwaga nusu yake chini. Zaidi ya kumi! Mimi mwenyewe sijui nitamaliza lini. Kwa hiyo mtu akikwambia anapasua mwenyewe kuokoa hela ya mbao, anajifurahisha. Hela inaenda kwenye mashine, kwenye bledi na kwenye muda. Ulaji wa msumeno unauma pale kipande kinapokuwa kidogo na hakipatikani tena, mfano mndimu wa jirani uliokatwa kupisha ukuta, na hapo ndipo kupasua mwenyewe kunapokuwa na maana, nitarudi huko.

Kwanza tumalizane na fundi. Keko mnaijua, fenicha kila kona, na karakana nyingi zina mashine ya kuranda na msumeno wa mkanda, wenyewe wanaita bandso. Ukienda na ubao wako ukasema nataka milimita 1.6, jibu nililopewa ni hili: "Bosi, kwa mashine hii zitakutokea njiti za kiberiti." Na yuko sahihi, mashine kubwa ya kuranda ikipewa ubao mwembamba hivyo inauvunjavunja na kuumeza. Lakini sio lazima umwombe hivyo. Geuza ubao kichwani mwako: upana wa fito yako ndio uwe unene wa ubao wa fundi. Mimi nataka fito za 1.6 kwa 8, basi fundi naomba anirandie ubao wa milimita 8 pande zote mbili, hiyo anaifanya huku anapiga stori. Nikifika nyumbani nachana kutoka ubavuni mwa ubao, kila nikipita nadondosha fito ya 1.6, na pande zake mbili tayari zimesharandwa na mashine ya maana. Hii ndiyo siri yote, ukiishika hii huhitaji mashine ndogo ya kuranda hata kidogo. (Zipo, Proxxon wa Ujerumani wana moja inaitwa DH 40, inapokea ubao wa upana wa milimita 80, ni tamu, na bei yake inakusalimia kwanza.)

Kwa huduma fundi nampa alama za juu, ila kuna vitu vya kumsimamia. Mashine ya kuranda ina tabia ya kuchimba mwanzoni na mwishoni mwa ubao, kama sentimita 5 hivi kila upande, kwa hiyo peleka ubao mrefu kuliko unavyohitaji, ncha utazikata. Visu vyake vikiwa na pengo, ubao wote unatoka na kijistari kilichoinuka kama uzi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye mguu wa meza ya chakula hakuna atakayekiona, kwenye fito yako kitaonekana kama tuta, mwombe asogeze ubao apitishe sehemu nyingine ya visu. Usipeleke mbao mbichi, utarandiwa vizuri leo, wiki ijayo imejikunja. Na mbao za kuokota kwenye nyumba zilizobomolewa, ambazo nyingi ni nzuri na kavu kweli kweli, kagua misumari kabla, ukimvunjia mtu kisu cha mashine urafiki umeisha.

Haya, mashine yenyewe. Niliyonayo ni ile misumeno midogo ya meza ya Kichina isiyo na jina, mtandaoni utaikuta kwa majina kumi tofauti na picha ile ile. Meza yake haizidi sana karatasi ya A4, mota ya 775, adapta ya volti 24, kitufe cha kuongeza na kupunguza kasi, bledi ya milimita 60 na kidogo yenye tundu la milimita 10. Bei ni dola mia na kitu kabla ya usafiri na ushuru. Wauzaji wanaipigia sana debe hiyo 775 utadhani ni nguvu za farasi, ile ni saizi ya umbo la mota tu, mbili zenye namba hiyo hiyo zinaweza kutofautiana nguvu kabisa. Kwa anayelinganisha, Proxxon wana FET ambayo bledi yake ni milimita 80 na inachomekwa moja kwa moja ukutani, na Wamarekani wanaojenga meli za mbao wanaiapia ile ya Byrnes ya Florida yenye bledi ya inchi 4. Kama hela hizo sio mada kwako nunua mojawapo ukiipata, uache kusoma hapa. Kwa bei ya FET moja sisi wengine tunanunua hizi za Kichina tatu nne.

Nilichokipenda: ni tulivu, mwanga wa jioni ukiisha unaweza kuendelea ndani bila majirani kugonga geti, inakaa juu ya meza ya kawaida, na kwa sababu ni volti 24 inakubali kufanya kazi kwa betri umeme ukikatika. Ukiwa na bledi nzuri fito inatoka laini kiasi kwamba msasa unapitisha mara moja tu. Ubao wa mninga wa milimita 8 inauchana bila ubishi ukisukuma taratibu. Mkongo wa unene huo huo inalalamika, mota inaanza kunguruma kwa sauti ya chini na hapo unatakiwa upunguze kusukuma kabla haijasimama. Adapta inapata moto, ipumzishe.

Sasa ubaya. Fensi, ule ukingo wa pembeni unaoiongoza mbao, ni aibu. Inakazwa kwa skrubu ya mbele tu, kwa hiyo ukikaza mbele nyuma inasogea, na inasogea kila siku kivyake. Nusu milimita kwenye mbao ya kitanda ni sifuri, kwenye fito ya 1.6 ni karibu theluthi ya mbao yote. Ninavyofanya: natoa waya kwenye umeme, naweka alama ya kalamu kwenye jino moja la bledi, naligeuza lije mbele napima kwa vernia (kipimo cha kusoma hadi sehemu za milimita) kutoka kwenye fensi hadi jino lile, halafu naligeuza liende nyuma napima tena jino lile lile. Vipimo vikilingana nakaza mbele, na nyuma nabana fensi na meza kwa kiklampu kidogo. Kama ni lazima vitofautiane basi nyuma pawe wazi zaidi kidogo, kamwe pasibane, maana ikibana nyuma mbao inakamatwa kati ya fensi na bledi, inaungua, au inarushwa kwako. Fanya hivyo kila unapohamisha fensi, sio mara moja ukasahau.

Ubaya wa pili ni tundu la mezani ambapo bledi inatokea, pana mno. Fito nyembamba ikishakatika inadumbukia humo, inavunjika, wakati mwingine inaziba bledi. Dawa yake ni nyepesi: kipande cha plaiwudi ya milimita 3 kikubwa kama meza, kibandike juu kwa tepu ya pande mbili, bledi ikiwa imeshushwa chini kabisa, washa mashine halafu ipandishe polepole ijitoboe yenyewe njia. Sasa una meza mpya ambayo mwanya wake ni sawa sawa na bledi, na fito haina pa kudumbukia. Unapoteza milimita 3 za kina cha kukatia, kwa mbao za milimita 8 hazikusumbui. Juu ya hiyo plaiwudi sugua mshumaa, mbao inateleza.

Bledi inayokuja kwenye boksi ni nene na ina makelele, weka pembeni kwa ajili ya kukatia vipande vya ovyo. Agiza zile bledi bapa za HSS (chuma kigumu cha vifaa vya kukatia), za kuchania, unene wa 0.5 au 0.8, zinauzwa kwa ajili ya mafundi chuma ila kwenye mbao nyembamba ni kiboko. Zina tabia moja, meno yake hayakupindwa kushoto na kulia kama ya msumeno wa kawaida, kwa hiyo ukikata mbao nene unga haupati pa kutokea, bledi inapata joto, mbao inaungua inakuwa nyeusi na inanuka. Meno yakiwa mengi tatizo linakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo meno 72 au zaidi kwa mbao za milimita 2 au 3, na kwa hizi za milimita 8 tafuta yenye meno kama nusu ya hayo, na bledi ipandishe ijitokeze vizuri juu ya mbao, isiwe inachungulia tu. Ikishapakaa utomvu ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani.

Usalama nitausema kwa kifupi ila kwa uzito. Mashine hii haina lile bamba la nyuma ya bledi linalozuia mbao isijifunge, kwa hiyo inaweza kurusha. Simama pembeni, usikae usawa wa bledi. Sukuma kwa kijiti, vidole visifike. Usivae glavu, ikikamatwa inavuta na mkono. Na ukiweza fito yako iangukie upande wa nje wa bledi, yaani ubao mkubwa ndio unaokaa kwenye fensi na kila ukikata unausogeza, unaweka kijizuio pembeni cha kukupa unene ule ule, ni polepole zaidi lakini fito haijabanwa popote na haina pa kurukia. Ni kamashine kadogo, kanachekesha ukikaona, ila hakajui tofauti ya kidole na mbao.

Na vumbi. Hili watu wanalichukulia poa kwa sababu mashine ni ndogo, wakati mashine ndogo yenye meno madogo ndiyo inatoa unga laini zaidi, ule unaoelea. IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na habari kubwa ni saratani ya pua. Vaa barakoa ya maana, funga mdomo wa vacuum cleaner kwenye lile tundu la nyuma la mashine, na kata nje kama una uwanja. Mvule na mkongo wanaofanya nazo kazi wanajua, zinakupigisha chafya mpaka unasahau ulikuwa unapima nini, na kuna watu ngozi inawawasha kabisa.

Sasa turudi kwenye mbao, maana huku ndiko kwenye jibu lenyewe. Shida ya mbao zetu maarufu sio ubora, ni vitundu. Mvule ukiuangalia kwa karibu una vinyweleo vikubwa, kwenye mlango unapendeza, kwenye modeli ya 1:25 kile kinyweleo ukikikuza mara 25 ni mfereji wa kuingia penseli. Jicho linaliona hilo hata kama mtu hajui anachokiona, anasema tu "hii inaonekana kama toi". Mvule pia huwa na mawe ndani, mawe kweli, madini ya chokaa yanajijenga ndani ya mti, bledi yako nyembamba ikikutana nayo kwaheri. Msaji una mafuta na una silika (madini kama ya mchanga), unamaliza makali haraka, na gundi haishiki vizuri mpaka uufute kwa asetoni kwanza. Mninga ndio mpole kuliko zote, haujikunji, haupasuki hovyo, rangi nzuri, vitundu vipo ila ukichagua ubao wenye nyuzi ndogo unavumilika. Kwa mwanzo nenda na mninga, hautajuta, na ndiyo mbao ambayo kila muuzaji anayo.

Ila mbao ya modeli hasa hasa haiuzwi dukani. Mndimu, mchungwa, mlimau, mpera. Hizi zina nyuzi zilizoshikana, vitundu huvioni kwa macho, rangi ya manjano hafifu kwa jamii ya ndimu na ya kuelekea wekundu kwa mpera, zinakubali kona kali bila kumeguka. Wazungu wanalilia mti wao wa bokswudi ambao umeadimika na kuwa ghali, wakati huku mchungwa ukizeeka unakatwa unageuzwa kuni, unapikia ubwabwa! Hakuna kiwanda kinachopasua mchungwa, magogo yake ni mafupi na membamba, kwa hiyo ukiutaka hakuna njia, lazima uusimamie mwenyewe kuanzia kwenye shoka. Hii ndiyo sababu pekee ya kweli ya kupasua mbao mwenyewe, zingine zote ni visingizio vya kununua mashine.

Utaratibu wake ni huu. Mti ukikatwa, siku hiyo hiyo paka ncha za gogo rangi nzito au nta, kwa sababu maji yanatokea nchani kwa kasi na ncha zinapasuka kuelekea katikati. Gogo lipasue katikati kwenye kiini, usiliache duara, likiachwa duara litajipasua lenyewe sehemu usiyoitaka. Weka kivulini pana hewa, juu ya vijiti, sio juani na sio chini kwenye udongo, mchwa wana hamu kuliko wewe. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene na huku pwani unyevu ulivyo usitegemee pungufu ya hapo. Likikauka mpelekee fundi wa bandso, na kwa kuwa gogo halina upande ulionyooka atakataa kulishika kwa mkono, na ana haki, linaweza kuzunguka likavuta mkono, kwa hiyo wewe lifunge kwa skrubu kwenye ubao ulionyooka kabla hujafika, aupitishe ubao na gogo liende nalo. Unatoka na vibao vya milimita 10, anakurandia kufika 8, unarudi nyumbani kwenye kamashine kako. Na unapochana fuata nyuzi za mti, sio ukingo wa ubao, fito ambayo nyuzi zake zinatoka nje pembeni itakatikia pale pale kwenye gubeti, yaani mbele ya chombo, unapoanza kuipinda, hata uiloweke vipi.

Mpingo nao upo. Wachongaji wa Mwenge hubakiwa na vipande vidogo ambavyo kwao ni takataka na kwako ni hazina: makapi na gofia (vigurudumu vya kupitishia kamba), vichwa vya usukani, kila kitu kidogo kinachotakiwa kuwa cheusi. Usijaribu kujengea ubavu mzima, ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama kwenye maji, bledi ya nusu milimita itakulaani. Na kama unauza modeli nje, mpingo na jamii yake yote imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, vitu vidogo vilivyokamilika vina unafuu ila uliza kwanza kabla ya kufunga boksi. Mikoko pia, mataruma ya kweli mengi hutoka huko, lakini kukata kunataka kibali, kwa modeli wala hauna haja, mpera unafanya kazi hiyo hiyo. Vijiti vya kuchomeka mbao kwenye mataruma badala ya misumari navipata kwenye njiti za mishikaki, zile za mwanzi, unazichana unazivuta kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayopungua hadi nusu milimita. Pakiti moja inakutosha hadi uchoke.

Nani asinunue mashine? Mwenye mpango wa modeli moja ya kumpa mzee zawadi asihangaike. Nunua plaiwudi ya milimita 3 kwa mataruma, nunua vinia (ngozi nyembamba ya mbao) ya milimita 0.6 kwa wauza vifaa vya fenicha, ikate kwa kisu na rula ya chuma ubandike tabaka mbili, ikishapakwa mafuta hakuna atakayekuuliza. Fundi wa Keko hapo hata humhitaji. Mwenye kutaka kujenga mtepe, chombo cha kale cha pwani, kwa upande mwingine, hana ujanja. Mtepe ulikuwa unashonwa kwa kamba za makumbi, hakuna msumari, na ukitaka kuushona kwa kipimo kidogo lazima utoboe matundu pembezoni mwa kila ubao, na ubao ukipishana unene hata kidogo matundu hayakutani na uzi unakata ukingo. Vinia hapo inachanika. Pale kwenye jumba la makumbusho la Beit el-Ajaib Zanzibar ulikuwepo mtepe wa saizi kamili uliojengwa 2003, waliouona kabla ya sehemu ya jengo kuanguka Desemba 2020 wanajua naongelea mishono mingi kiasi gani.

Alama basi: fundi 9 kati ya 10, mashine kama inavyotoka kwenye boksi 5, ukishaiwekea plaiwudi, klampu na bledi mpya inapanda 8 kabisa. Kabla hujalipia bledi angalia tundu lake la katikati, nyingi za milimita 60 zinazouzwa zina tundu la 16, na mhimili wa mashine hii ni 10. Kuna wanaokuuzia na pete ya kupunguzia, mimi siiamini, ikikaa pembeni kidogo tu bledi inayumba na ile njia ya nusu milimita uliyoilipia inakuwa milimita nzima. Subiri yenye 10.